Ndoo ya Udongo wa Editha

Tangazo lilisomwa kanisani Ilongero, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya lile la mbuzi aliyepotea. Kutakuwa na mafunzo ya kujenga nyumba yako mwenyewe, kwa vitendo, na cheti cha shule hakihitajiki. Mwenye nia aje Jumatatu na jembe, pamoja na ndoo ya udongo kutoka kwenye kiwanja anachotaka kujenga. Ambaye udongo wake utafaa, darasa zima litahamia kwake na mashine, limfyatulie tofali.

Editha alitega masikio kwa furaha mpaka tangazo lilipofika kwenye neno kiwanja. Kiwanja hakuwa nacho.

Tangu ndoa yake ivunjike alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwenye tembe ya mdogo wake, Damiani. Hakuna aliyewahi kumwambia aondoke, tena Damiani alimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote. Ila siku hizi Raheli, wifi yake, alikuwa ameanza kuweka magunia ya alizeti chumbani humo, moja moja, kwa upole kabisa, na kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani. Kijana wao mkubwa alikuwa anaoa mwaka huu. Editha hakuwa mtoto, alijua chumba kile kinasubiriwa na nani.

Kwa nini asimwombe mdogo wake kiwanja? Ungemwuliza hivyo angekucheka. Kwao mashamba ya baba huenda kwa wanaume, na binti akishaolewa huhesabiwa mtu wa huko alikoolewa, hata kama huko wamemrudisha. Damiani hakuwahi kumnyima kwa sababu yeye hakuwahi kuomba. Tuseme ukweli, aliogopa. Akinyimwa, ataendelea vipi kula naye sahani moja?

Basi Jumatatu akapitia kwenye mahame ya baba yao, pale lilipokuwa zizi la ng'ombe. Hapakuwa pamelimwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Tena udongo wa pale, mweusi na laini, aliuamini. Editha alikuwa mkandikaji hodari. Kila mvua zikiisha wanawake wenzake walimwita awasaidie kuziba kuta zilizolika, na wote walijua kwamba udongo ukichanganywa na samadi ukuta haupasuki. Akajaza ndoo, akajitwika, akashika njia.

Kwenye uwanja wa mafunzo alimkuta binti amevaa ovaroli na mabuti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama. Naitwa Jenipher, natokea Manyoni."

Editha akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti, akatua ndoo yake chini.

Kazi ilimkolea. Walichekecha udongo, kila mtu wake, wakauchanganya na saruji kidogo na maji ya kunyunyiza tu, maana Editha alikuwa ameshainua ndoo nzima ya maji amwage kama anayetaka kukandika, fundi akamwahi mkono. Kisha wakautia kwenye mashine ya chuma. Editha aling'ang'ania mpini wake kwa uzito wote, na tofali likatoka limenyooka, la kupendeza, hata akatamani kulibeba. Matofali yakaanikwa kivulini, yakawa yanamwagiwa maji kila asubuhi. Wiki iliyofuata Jenipher akayatumbukiza kwenye beseni la maji kuyapima. Ya wenzake yalitulia. La Editha likaanza kumeguka pembeni, likabomoka lote, likabaki tope.

Mtu mmoja akacheka. Editha akajikaza kisabuni, lakini macho yalikuwa yanamwasha.

"Mama, huu umetoka zizini," fundi alisema taratibu. "Kwa kukandika ni mzuri sana, hata bibi yangu anautumia. Ila ndani ya tofali samadi inaoza, saruji haishiki. Kachimbe kwenye kiwanja chako. Ule wa juu toa wote, ukifika kwenye mwekundu ndio uniletee."

"Kwenye kiwanja changu," Editha alirudia.

Mwekundu alijua ulipo. Ulikuwa kwenye kimwinuko nyuma ya shamba la mtama la Damiani. Njia nzima alipiga hesabu ya kuuchota bila kusema. Lakini darasa likishakuja na mashine yake, angelipeleka wapi? Udongo unaibika, kiwanja hakiibiki.

Alimkuta Damiani uani anapiga alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo dada. Umerudi mapema."

"Marahaba. Damiani, nataka udongo."

"Si uchote tu. Unakandika kwa nani?"

"Sikandiki. Ni wa nyumba. Yangu. Wanataka utoke pale nitakapojenga. Nimepeleka wa zizini kwa baba, umekataliwa. Sasa nakuomba wewe."

Fimbo ilisimama. Raheli, aliyekuwa anapepeta kando, akainamisha uso kwenye ungo. Editha akajuta kufungua mdomo.

Damiani akaokota jembe, akaondoka. Editha akamfuata na ndoo, hajui anafukuzwa au anapokelewa. Walikata shamba la mtama mpaka kwenye kimwinuko. Damiani akatoa udongo wa juu, akachimba mpaka ukatoka mwekundu, akajaza ndoo. Kisha akaburuta jembe ardhini akachora mstari mrefu, akakata kona, akachora mwingine.

"Nilikuwa nangoja useme," alisema bila kumtazama. "Niliona nikikugawia kabla hujaomba, utadhani nakutoa nyumbani."

Editha akaitazama ile mistari.

"Mlango uangalie wapi, dada?"

Maisha yake yote alikuwa ametokea kwenye milango ya watu, ikiangalia walikotaka wenyewe. Akakaa chini juu ya udongo ule, akalia waziwazi, wala hakuona haya.

"Ngoja," alisema akijifuta kwa kanga. "Usiniharakishe. Hilo nataka nilifikirie."