Mwenyekiti Jikoni

Kazi yangu ni kuwafunza watu wazima wanaojitolea kulea klabu za vijana, na hadi leo nikikumbuka mafunzo yale ya Ndhiwa nasikia kichefuchefu. Si kwa sababu ya chakula. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Asubuhi tulielewana vizuri. Mchana klabu ya pale ingefanya mkutano wake mbele yetu, vijana wenyewe wakiuongoza, na walezi wakae nyuma wafunge midomo. Mwishowe vijana wangemchagua mmoja wa kuwasemea kwenye kikao cha klabu zote, Homa Bay. Mwenyekiti wao alikuwa msichana wa kidato cha pili. Alinijia wakati wa chai, akanieleza atakavyoanza na ile shida ya choo cha wasichana shuleni. Alitaka sana kwenda Homa Bay, na hakunificha. Nikamwambia, "Wewe zungumza tu, nyathina, mwanangu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Samaki wetu, ngege wakubwa, waliletwa wabichi na wapishi walikuwa wachache. Mlezi mkuu wa klabu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kanisani, akawatuma wasichana wote nyuma ya ukumbi wakasaidie. Mkutano ulipoanza, kiti cha mbele alikikalia yeye.

"Mwenyekiti yuko wapi?" nikauliza.

"Anasaidia kidogo, madam. Wageni hawawezi kukaa njaa. Mimi namshikia."

Akamshikia kweli. Akahubiri nidhamu, akahubiri urefu wa sketi, na hao walezi wenzake niliowafunza asubuhi nzima wakawa wanaandika kila neno. Choo hakikutajwa. Niliposimama nimkatize, akanipungia mkono nikae, eti tuheshimu mkutano wa vijana. Jamani, kuna watu hawana haya.

Kisha wakapiga kura, wavulana watupu. Mmoja wao alipompendekeza mwenyekiti, mlezi akajibu kwa upole wa kutapisha kwamba asiyehudhuria hawezi kuwasemea wengine. Akachaguliwa mvulana. Nikamwambia mzee yule mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa msichana ukumbini. Wala hakukasirika.

"Madam, tule kwanza," akasema, na wenzake wakacheka, wakavuta viti mezani.

Yule msichana mwenyekiti akaingia na jagi na beseni kutunawisha. Magamba yalikuwa yamemganda hadi viwikoni. Alianza na mlezi wake, akipiga goti kidogo kwa heshima, naye akanawa huku akiendelea na hadithi yake. Alipofika kwangu alimimina maji polepole, akainama karibu na sikio langu.

"Tumemaliza kupika, madam," akasema. "Mwalimu alisema mtaningoja. Sasa niende pale mbele?"