Mgonjwa Wangu wa Guangzhou

Mimi ni nesi wa mji wa Euless, huku ughaibuni, na tabu yangu ni kwamba hata nikiwa likizo unesi haunitoki. Juzi nilimsindikiza rafiki yangu Mama Imani, mwenye duka kule kitongoji cha Alief, kununua bidhaa Guangzhou. Jamani, ile mitaa! Watu wamejaa kama siafu, taa zinawaka mchana kweupe, kila duka lina spika yake inayopiga kelele, nami nacheka tu kama mtoto.

Tukaingia duka la samani kukwepa joto. Nikamwona mzee kalala kwenye kitanda cha kuuzwa, mdomo wazi, watu wanampita tu. Hata viatu alivyovipanga vizuri chini havikunishtua.

"Mama Imani, ita ambulensi!"

Nikarukia kitanda, nikambana mkono kutafuta mapigo, huku nikimpigia kelele kwa Kiswahili: "Mzee! Unanisikia?"

Mzee akafumbua macho. Vitanda vya jirani navyo vikainua vichwa, kimoja baada ya kingine. Kumbe duka zima lilikuwa limelala, likikwepa joto kama sisi!

Mzee akanung'unika. Muuzaji akamsogezea simu, ikatafsiri kwa sauti kubwa:

"Anasema hiki amekiwahi yeye. Tafuta chako."