Magari Mawili na Nyonga Moja

Niliingia nyumba hii ya Al Twar, huku Uarabuni, kuwa yaya, wakati watoto wawili wa mwisho wa Bi Mkubwa hawajui hata kufunga kamba za viatu. Niliwavua nguo za mikojo, niliwalisha, niliwachapa pia, na mama yao alijua. Leo ni wanaume wa ndevu za kuchongwa, na kila mmoja ana gari la Kimarekani ambalo ukiliona linakuja utadhani chumba cha wageni kimeng'oka kikaingia barabarani.

Mkubwa ana jeusi. Mdogo, mwezi haujaisha, akaleta jeupe la kampuni nyingine, refu zaidi kwa kiasi cha mkono. Tangu hapo chakula cha Ijumaa hakikuwa na mazungumzo mengine.

"Langu lina televisheni kutoka mlango huu mpaka mlango ule," anasema mkubwa.

"Langu linakukanda mgongo unapoendesha."

"Lako halina friji katikati ya viti."

"Lako halinukii!"

Ndipo nikajua kwamba lile jeupe linapuliza marashi lenyewe, kutoka kwenye matundu ya hewa. Nyumba hii chetezo hakipoi, udi umeingia mpaka kwenye mapazia, na mtoto niliyemwogesha mimi analipa Wamarekani wamnukishe.

Viti saba kila gari, na kila gari hubeba mtu mmoja na simu yake.

Mkubwa alinipandisha siku moja lake nione maajabu. Napanda nimeshika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayekwea mnazi. Akaliambia gari kwa Kiingereza lifungue dirisha, likafungua. Akaliambia kwa Kiarabu lifunge, likafunga. Nikajaribu na mimi: "Fungua basi, nikohoe nje." Kimya.

"Halijui Kiswahili, mama," akacheka.

"Kama wewe," nikamwambia.

Hakukasirika, maana ni kweli. Bi Mkubwa alizaliwa Unguja, akaletwa huku na wazazi wake akiwa msichana, yeye na dada yake. Mume wake hakutaka lugha ile nyumbani, watoto wakakua na Kiarabu chao na Kiingereza cha shule. Kiswahili kikabaki cha Bi Mkubwa na mimi mtu wa Malindi, jikoni, tukichambua mchele. Na wanangu hawa naongea nao Kiarabu changu cha jikoni, ambacho kinatosha kumgombeza mtu.

Dada yake Bi Mkubwa aliolewa Hatta, kule milimani, kwenye mashamba ya mitende. Ni mkubwa kwake. Mwaka huu alianza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, kisha majina ya wajukuu, kisha Kiarabu chenyewe kikaanza kumtoka, miaka yote ile aliyokiongea. Kilichobaki ni kile cha kwanza, cha Unguja. Na pale kwake hakuna hata mmoja anayekijua.

Bi Mkubwa alipopata habari alisema neno moja tu, "Nipelekeni." Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanguka akatengenezwa nyonga, anatembea na fremu ya chuma, na yule binti wa mazoezi wa hospitali alimkataza kuinua goti kupita kiuno. Gari anaingia kwa makalio kwanza: anageuka, anakaa, kisha namgeuza miguu yote miwili pamoja. Mimi ndiye niliyefundishwa kumshika.

Wanawe wakagombana nani amchukue.

Ijumaa ya kwanza akaja wa jeusi. Mlango ukafunguka, kibao cha kukanyagia kikatoka chenyewe, taa zikawaka chini kama harusini. Bi Mkubwa akageuka kama alivyofundishwa, na kiti kikamgusa katikati ya mgongo. Mwanawe akamwambia akanyage kibao basi. Akainua mguu, akatoa sauti ambayo sikuisikia hata siku aliyoanguka. Tukamrudisha ndani.

"Si nilisema?" mdogo akafurahi. Mama yake analia kitandani, yeye anafurahi! "Langu linashuka lenyewe. Ijumaa ijayo, inshallah."

Ijumaa ya pili jeupe likashuka kweli. Likashuka kama ngamia aliyeanza kupiga magoti akabadili mawazo. Kiti kilimfika Bi Mkubwa chini ya mbavu. Mdogo akapuliza marashi yake, sijui yamsukume nani.

Ijumaa ya tatu hakuna aliyeondoka kabisa. Walikaa sebuleni wanatazama kwenye simu kiti cha umeme kinachotoka nje ya gari na kumpakia mgonjwa. Kinatoka Amerika. Wakabishana kitafungwa kwenye gari la nani.

Siku ile simu ikalia kutoka Hatta. Binti wa yule dada, anaongea kwa haraka, amechoka. Mama yao anarudia jambo moja tangu alfajiri, wao hawajui anataka nini. Wamempa maji, hataki. Wamembadilisha shuka, anazidi kulia. Wamemwita nesi. Kisha akamwekea simu mdomoni, na sote tukasikia, sauti imekauka:

"Fungeni dirisha. Jamani, upepo unanikata. Fungeni dirisha."

Bi Mkubwa akamweleza yule binti kwa Kiarabu, likafungwa. Kisha dada mtu akaanza kuita jina ambalo sikuwahi kulisikia, na Bi Mkubwa akaitika. Lilikuwa jina lake la utotoni.

"Uko wapi wewe?" sauti ikauliza.

"Nakuja, dada."

"Njoo upesi, watu wa hapa hawasemi."

Simu ikakatika. Bi Mkubwa akaniangalia. "Na mimi akinisahau, atasema na nani?"

Nilikwenda kwenye kikapu changu cha kushonea, nikakata uzi. Nikamsimamisha, nikapima kutoka sakafuni mpaka pale kitanda chake kinapomgusa anapokaa vizuri, nikafunga fundo. Nikatoka nje na uzi wangu. Kwenye jeusi fundo liliishia chini ya kiti, pengo la shubiri moja na vidole vitatu. Kwenye jeupe, hata baada ya kupiga magoti, shubiri nzima.

Mkubwa akanikuta nimechuchumaa. "Mama, unafanya nini?"

"Napima."

"Gari halipimwi kwa uzi. Liulize tu, litakwambia, lina kila kipimo ndani."

"Liulize basi nyonga ya mama yako iko wapi."

Asubuhi ya pili nilienda na uzi wangu barabarani. Nikasimamisha teksi ya akina mama, ile yenye paa la waridi. Dereva alikuwa msichana wa Kenya bara, wale wanaomwita bibi "shosho". Akaona nimefungua mlango na napima kiti chake.

"Shosho, unanunua ama unapanda?"

"Tulia kwanza." Fundo likazidi kiti kwa vidole vinne. Kiti kifupi ni ugonjwa mdogo, kina dawa: mto mmoja mgumu. "Tunakwenda Hatta. Na mgonjwa. Taratibu."

"Hatta ni mbali, lakini poa. Matuta nitayapita kama nabeba mayai."

Nikamleta mpaka mlangoni kwetu, nikaweka mto, juu yake mfuko wa plastiki wa dukani ili nguo iteleze. Bi Mkubwa akageuka, akakaa, nikamgeuza miguu. Khalas. Hakusema hata "ah".

Wanawe walitoka wanakimbia, mmoja na kiatu mkononi. "Teksi? Watu watasema nini?"

"Watasema mmechelewa," mama yao akawajibu, akafunga kioo.

Wakatufuata. Njia nzima nawaona kwenye kioo, jeusi mbele, mara jeupe mbele, wanagombea nani awe karibu na mgongo wetu.

"Shosho," dereva akauliza, "hawa wawili ni walinzi ama ni mashabiki?"

"Ni mizigo," nikamwambia. Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika nyonga.

Kule Hatta nyumba ya dada iko ndani ya kichochoro kati ya kuta mbili za mashamba. Teksi ikaingia. Nyuma yetu mdogo akajaribu kumpita kaka yake pale mdomoni pa kichochoro, wakabanana kioo kwa kioo, hakuna wa kurudi nyuma. Tuliwaacha wanapigiana honi.

Dada mtu alikuwa amekaa kitandani, mdogo kama mtoto. Alimtazama Bi Mkubwa akiingia na fremu yake, hatua moja, nyingine. Ijumaa tatu tumezipoteza kwa friji na marashi. Kama jina lile limeshamtoka ningewalaani wale wawili kwa Kiarabu chote nilicho nacho.

"Umezeeka wewe," dada akasema, kisha akalitaja lile jina. "Nani kakuvunja?"

Bi Mkubwa akakaa karibu naye, na Kiswahili kikaanza, cha bibi zao na paka wao na mtu aliyekuwa akiuza visheti kwenye mlango wao. Yule binti wa dada alisimama mlangoni analia, haelewi neno, na anafurahi.

Baadaye wakaingia wanangu kwa miguu, jasho, vumbi mpaka magotini. Wakambusu yule dada, mama yao mkubwa, kichwani. Akawakagua.

"Hawa nani? Madereva?"

"Ndiyo, dada," akasema Bi Mkubwa. "Madereva."

Dada akamnyooshea kidole yule mkubwa. Dirisha walikuwa wamelifungua tena, eti apate hewa, na upepo wa mlimani unapiga pazia.

"Wewe, umesimama bure. Funga dirisha."

Mkubwa akanigeukia mimi nimtafsirie. Mimi nikatazama ukuta. Akasubiri, akaona simwambii, na pale mbele ya mdogo wake akapiga magoti kando ya mama yake.

"Amesema nini, mama?" akauliza.

Mama yake akamwambia, kwa Kiarabu, kisha akamrudishia maneno yale mawili kwa Kiswahili polepole. Akayarudia, vibaya. Akaenda akalifunga kwa mkono wake.