Mbegu za Mama Anika

Shangazi yangu walimwita Mama Anika, na jina lilimkaa sawasawa. Alianika vyombo, magodoro, viatu, hata kadi ya kliniki iliponyeshewa. Mbegu ndiyo usiseme. Miaka thelathini hakuwahi kupoteza hata debe moja kwa ukungu.

Mumewe alipofariki, shemeji yake akampa msimu mmoja: soya ikikubali, shamba abaki nalo, ikigoma, alirudishe. Yule mtu simpendi, nasema wazi. Mimi ndiye bwana shamba wa eneo lile, basi nikajitia kujua. Nikampelekea shangazi pakiti ya unga mweusi.

"Humu mna bakteria," nikamwambia. "Wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu. Soya inawalisha sukari, na wao wanaivutia nitrojeni kutoka hewani. Lowesha mbegu kidogo, changanya, panda."

"Kumbe wapangaji," akacheka. "Afadhali hawa wanalipa."

Kesho yake nilipita mbio na pikipiki. Alikuwa ameinama juu ya mkeka uani, akainua mkono. Nikapiga honi, nikaenda zangu. Kwake mkekani hakukosi kitu, nani angesimama kuangalia?

Soya ilipoanza kuchanua, majani ya shamba zima yalikuwa ya njano. Niling'oa mche mmoja, nikaukung'uta udongo. Mizizi ilikuwa myeupe, misafi, haina kinundu hata kimoja.

"Shangazi, ulipanda siku ileile uliyochanganya?"

"Mbegu zilikuwa mbichi, mwanangu, ningezipandaje? Nilizianika kutwa nzima." Alisema kwa fahari kidogo.

Jua kali linawaua bakteria wale kwa saa chache. Kwenye pakiti imeandikwa, kwa herufi ndogo ambazo macho yake hayazioni. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu, na sikumwambia. Sasa maua yalikuwa yametoka, na mbolea ya dukani ingerudisha rangi ya majani na sehemu ndogo tu ya mavuno. Nilisimama pale na elimu yangu yote, sina la kufanya. Nilijiona bure kabisa.

Mpakani, shemeji yake alikuwa ameshaanza kupima shamba kwa hatua. Nikafungua kinywa nimweleze shangazi kosa ni la nani, nikaishia kuukung'uta tena mche ule. Yeye akanichukua mkono, akanifuta udongo kwa ncha ya kanga.

"Usihuzunike hivyo," akasema. "Labda hazikukauka sawasawa. Msimu ujao niletee pakiti nyingine, nitazianika siku mbili."