Mwoka Mikate Aliyejipulizia Filimbi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mikate imeshaiva, lakini hapa kijijini kwetu Biabou hauziwi mtu mpaka Ermine Laborde amalize kukimbia.

Anatoka mlango wa tanuri hadi bomba la maji, mita ishirini kamili, anageuka, anarudi. Spika ya duka la ramu la Elford Quashie inatoa mlio, na kabla ya mlio unaofuata lazima awe amekanyaga mstari wa chokaa upande wa pili. Kila dakika milio inazidi kukaribiana. Sisi wateja tumepanga foleni na vikapu vyetu, njaa inatuuma, na hakuna anayethubutu kulalamika.

"Nyanyua miguu, dada, au umeuvaa huo unga?" Elford anamtania kutoka barazani kwake.

Ermine anakanyaga mstari, anageuka. Pumzi alizo nazo ni za kukimbilia.

Ana miaka arobaini na sita, na tanuri aliachiwa na mama yake. Akishatoa gharama ya unga na kuni hubaki na dola kama arobaini na tano kwa siku. Jioni hushika filimbi na kuchezesha mechi za netiboli za wasichana, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwa hilo halipwi hata senti. Aliwahi kumtoa mpwa wake nje ya uwanja siku ya kuzaliwa ya huyo mpwa, kisha akarudi nyumbani kumwokea keki.

Sasa anataka jina lake liingie kwenye orodha ya waamuzi wanaoweza kuitwa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mtihani wa sheria ameshaupita. Zimebaki mbio hizi, Jumamosi hii katika mji mkuu wa kisiwa chetu, Kingstown, na baada ya hapo orodha inafungwa.

Alikwisha kuzijaribu mwezi Machi, na kisa chake hatuchoki kukisimulia. Alifika kiwango kinachotakiwa, msimamizi akashika kalamu aandike. Ermine akanyoosha mkono, akasema kuna mzunguko mmoja mguu wake haukufika mstarini. Msimamizi akasema yeye hakuona.

"Mimi niliona," Ermine akamwambia.

Basi akafeli, jamani, kwa ulimi wake mwenyewe.

"Nililia ndani ya basi mpaka nyumbani," anakumbuka. "Lakini nitampulizia vipi filimbi mtoto wa watu kesho, na mguu wangu mwenyewe nimeufumbia macho?"

Elford alimnunia siku mbili nzima. Ajabu ni kwamba huyu Elford hajawahi kuipenda hiyo Jumuiya. Babu zetu walimkatia Mwingereza miwa, husema, bendera yake tumeshaishusha, sasa tunakwenda kufanya nini kwenye meza yake? Nami nakiri nimewahi kuuliza hivyohivyo.

Ermine ana jibu lake, na hulitoa huku anakanda unga.

"Mwenye shamba kaondoka, Elford. Sisi vibarua ndio tunaotembeleana."

Sheria za mchezo alifundishwa na mwalimu wa Jamaika, kwenye kozi ya mtandaoni iliyolipiwa na Jumuiya. Mwenzake wa darasa, muuguzi mmoja wa Malawi, hadi leo humtumia video za mechi, wakabishana wee kama mlinzi alisimama karibu mno. Hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Kilichomgeuza Elford ni sheria moja tu. Aliambiwa kwamba mwamuzi hachezeshi mechi ya nchi yake, bali hupangiwa za wengine. Akauliza kama wengine hao ni pamoja na Uingereza. Akaambiwa ndiyo.

"Akipuliza, wanasimama?"

"Lazima wasimame."

Kesho yake alitoa spika nje, akapima mita ishirini kwa futi yake mwenyewe, akachora mistari. Namuuliza kama sasa anaipenda Jumuiya ya Madola. Anasema hata kidogo, anataka tu kumwona binti wa Laborde akipuliza na Mwingereza akitulia.

Mlio wa mwisho unalia. Amefika kiwango! Foleni nzima inapiga makofi. Ermine ameinama, mikono magotini, hana nguvu hata ya kusogea.

"Elford, nitazamie pale bombani. Mzunguko wa mwisho kabla ya huu, mguu ulifika?"

Elford anashuka barazani. Anavaa miwani, anachuchumaa kwenye chokaa, anaitazama alama ya kiatu. Tunamjua Elford. Ni mtu wa kukuapia kuwa ramu ya jana ni ya miaka kumi, na mwenzangu wa mbele ameshafungua kikapu chake tayari kwa mkate.

Anaweka kidole kati ya alama na mstari.

"Kidole kimoja, Ermine," anasema taratibu. "Mguu haukufika."

Ermine anacheka, mara ya kwanza asubuhi hii, mpaka machozi yanamtoka.

"Jumamosi mguu utafika," Ermine anasema.

Elford anajifuta magoti, anarudi dukani na kuwasha spika upya kutoka mwanzo. Mikate inapoa, nasi tunaendelea kungoja.