Ukuta Uliopigiwa Saluti

Yeremia Shimba alistaafu usajini bila kuondoka kwenye chuo alichofundishia gwaride. Jeshi lilihama, yeye akabaki kuwa mlinzi, kazi yake kuwazuia mbuzi wa Buhongwa wasiingie darasani.

Chuo hicho, ambacho watu hukiita Depo, kilijengwa na Wajerumani juu ya kilima cha mawe. Kuta zake ni nene, na madirisha ni membamba, ya kutolea mtutu wa bunduki. Ziwa lote lililoko chini linaonekana kwa upana wa kiganja. Waingereza waliongeza bati na choo. Sisi tuliongeza jina jipya na chokaa.

Ajabu ya Depo ni ngazi. Inapanda kutoka ukumbini, pana, ya mawe ya kuchongwa, kama inayokwenda kwenye jambo kubwa, halafu inaishia kwenye ukuta mtupu. Hakuna mlango wala ghorofa. Kila kuruta alifundishwa kupanda mpaka juu, kuupigia ukuta saluti, kugeuka na kushuka. Yeremia alipouliza sababu enzi za ukuruta wake, alikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka swali likamtoka. Alipokuwa sajini, walioliuliza aliwakimbiza yeye. Ila kwake swali lilikuwa limesharudi, na safari hii likakaa.

"Kuna Mjerumani kazikwa humo," mkewe Teodora alikuwa akisema. "Amesimama."

"Kwa nini asimame?"

"Si mwanajeshi?"

Miaka ya tisini, serikali ilipokuwa inauza vitu ilivyochoka navyo, Depo ilichukuliwa na Josephat Odera, mtu wa Mara aliyetajirika kwa minofu ya sangara. Alitaka hoteli.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba."

"Hiyo ngazi naing'oa. Pale nataka kaunta ya bia."

"Ng'oa, bosi. Ila anza na ukuta, ngazi iwe ya mwisho. Nataka nipande nione."

Odera akapunguza sauti. "Wajerumani waliacha dhahabu?"

"Ikiwepo ni yako. Mimi nataka kujua nilikuwa nampigia nani saluti."

Kesho yake fundi Ngosha aliubomoa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na jiwe. Halikuchongwa, halikuandikwa kitu. Lilikuwa jiwe la Mwanza, kubwa, la kijivu, ambalo ndilo kilima chenyewe. Ilionekana aliyechora ghorofa hakuwahi kufika, na mafundi walipofika juu wakakuta kilima hakijauona mchoro.

Ngosha alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Sajini! Maisha yote unapigia jiwe saluti!"

"Nimewapigia na wakubwa," alisema Yeremia. "Jiwe halijawahi kunituma sigara."

Lakini alishuka akakaa chini ya ngazi, na ugali alioletewa na Teodora hakuugusa. Jiwe lilikuwa limeeleza ngazi. Saluti halikuieleza.

Ndipo Odera alipokuja, akapanda kujionea. Mle ndani, kwa madirisha yale, hata mchana ni kiza, na ubavu mmoja wa jiwe ulikuwa umejitokeza usawa wa uso wa mtu.

"Bosi, angalia ha..." alianza Ngosha.

Ulisikika mlio mfupi. Odera alisimama wima, kiganja cha kulia kikiwa kwenye paji la uso. Akageuka. Akashuka, mkono ukiwa palepale.

Yeremia alimtazama hatua kwa hatua. Kupanda, saluti, kugeuka, kushuka: hakikupungua kitu. Akamwona akilini ofisa wa kwanza akipanda vile vile na kujigonga, mbele ya askari walioamriwa kufanya kila anachofanya yeye. Ukuta ungejengwa baadaye, ili watu wasigonge vichwa. Saluti hakuna aliyekumbuka kuisimamisha.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini? Leteni maji!"

Yeremia aliinuka, akabana visigino, akamrudishia saluti. Kisha akanawa mikono, akauvuta ugali wake.