Neno la Mama Triza kwa Polisi

Jirani yangu Nafula, tunayemwita Mama Triza, amepakia mishumaa kiwandani miaka kumi na tisa, na sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Upole wake ndio uliomponza. Ingekuwa ni mimi, Kavata, ningepiga kelele mpaka mtaa wetu wote wa Mowlem usikie.

Triza, bintiye wa pekee, alifariki mwezi wa tatu. Mumewe alidai aliteleza kwenye ngazi za ploti walimopanga kule mtaa wa Fedha. Lakini hospitalini, kabla hajakata roho, Triza alimwambia mamake, "Alinisukuma." Hakuna mwingine aliyesikia.

Mume akawekwa ndani. Nafula akaenda polisi kuandikisha taarifa, akaeleza yote huku analia. Mwishoni afisa akamuuliza, "Na huyu jamaa, mathe, unasema aje?"

"Mimi nimemwachia Mungu."

Jamani, nani kwetu hasemi hivyo? Ukifiwa unamwachia Mungu, ukiibiwa unamwachia Mungu, hata nguo zikinyeshewa kwenye kamba. Ni namna ya kushusha pumzi tu. Afisa akaandika anachojua yeye. Nafula hakuwa na miwani, akatia sahihi.

Kumbe kesi ya mauaji haifiki kwa jaji hivi hivi. Faili hutoka polisi ikaenda kwa waendesha mashtaka, nao ndio husoma na kuamua kama ushahidi unatosha mtu kushtakiwa. Tulingoja wiki tatu, kisha tukaenda ofisini kwao Makadara kuuliza. Bi Muthoki, wakili wa serikali aliyeshika faili, alitusomea mstari wa mwisho: "Shahidi hataki kuendelea na kesi."

"Nani hataki?" Nafula aliuliza.

"Wewe, mama. Na shahidi ni wewe peke yako. Ndiyo maana tuliifunga."

Nilitamani kuirarua ile faili. Bi Muthoki mwenyewe aliona aibu, akatoa karatasi mpya. "Inaweza kufunguliwa tena. Niambie unataka nini, waziwazi."

"Nataka ashtakiwe. Nataka afungwe."

Sikuitambua sauti yake.

"Na huyo mume yuko wapi saa hii?" nikauliza.

Bi Muthoki aliweka kalamu chini. Aliachiliwa Ijumaa, akasema. Simu yake imezimwa, na nyumba ya Fedha tayari ina mpangaji mwingine.

"Kwa hivyo ni mimi nilimfungulia," Nafula akasema.

Nikamwambia hapana, si wewe. Hakugeuka hata kunitazama.